Joto la Mfukoni

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, lililokaa kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi wa tochi na redio, mahali ambapo kivuli cha ukuta hufika asubuhi na kuaga adhuhuri. Mguu wake mmoja ni tofali, na anayeketi upande huo anajua asigeuke ghafla. Kahawa huletwa na Shangazi, ambaye hana undugu na yeyote pale lakini ni shangazi wa wote. Birika lake likikauka kijiwe kimefungwa, na kama mtu yuko katikati ya sentensi ataimalizia kwake. Wakaaji wa kudumu si wengi. Kuna Redio, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Kuna Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye kwenye maneno breki hana. Na kuna Kengele, mzee mpole anayepiga kengele ya kanisani, ambaye tangu amzike mwanawe wa pekee huja, hunywa kikombe kimoja, husema asanteni, na kuondoka. Asubuhi hiyo Kengele alikuja na swali.

— Naomba kuuliza, alisema, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuuliza, wote wakamgeukia. Betri ikichanika nguo, hushonwa?

— Betri inavaa nguo? aliuliza Shangazi, kikombe mkononi.

Kengele aliingiza mkono katika mfuko wa kulia wa koti lake, akatoa kidude cheusi, kipana kama kiberiti kikubwa, chenye mdomo mfupi juu yake. Akakiweka kwenye benchi polepole, kama mtu anayeweka sadaka.

Redio aliacha kupangusa mkasi.

— Mzee Kengele! Hiyo si sigara ya mvuke? Wewe? Umeanza lini?

— Sijaanza. Ni ya marehemu.

Breki alivua kofia, akaona amechelewa kuivua, akairudisha. Shangazi alimwongezea mzee kahawa ingawa kikombe kilikuwa hakijapungua.

— Alikuwa anavuta sigara za kawaida, alisema Kengele. Akaziacha, akashika hiki. Mimi sikukipenda. Kinatoa mvuke mwingi, unanukia nanasi, nyumba nzima inakuwa kama kiwanda cha peremende. Kila akikitoa mfukoni nilimwambia neno moja tu: nje. Naye hakubisha, alitoka. Alisimama pale chini ya dirisha, na mvuke ukarudi ndani kupitia dirishani.

— Watoto, alisema Shangazi.

— Sasa mama yake. Unajua mama yake alivyo kwa usafi. Tulipotoka kuzika, alikusanya nguo zake zote akazifua. Mashati, shuka, hata lile koti la kazi. Akaanika, akapiga pasi, akakunja. Ndipo akakaa kitandani, akalinusa shati moja, akaniambia, "Baba, nimemfua mtoto, ametoka." Tangu siku hiyo anatafuta harufu yake kila mahali. Mito, kofia, viatu. Hakuna. Jana akakumbuka kidude hiki. Dawa yake ya nanasi bado imo, ameiona. Akasema, "Washa kidogo tu. Nisikie ile harufu, kisha nitatulia." Nikafungua hapa pembeni, nikaona betri imechanika. Nikasema subiri, kesho niulize watu. Basi nimekuja kuuliza watu.

Akafungua kifuniko kidogo cha ubavuni. Ndani mlilala betri ya buluu, nene kama kidole gumba. Karatasi yake ya plastiki ilikuwa imechanika juu, karibu na kichwa, na chuma kikachungulia.

Ni vizuri mtu aseme hapa kwamba watu wa kijiweni hawana roho mbaya. Wakiona mwenzao ana shida, kila mmoja humpa alicho nacho, na wao walichokuwa nacho kwa wingi ni maneno.

— Hiyo kazi ndogo kabisa, alianza Redio. Umeme ni kama upepo wa tairi. Hapo pana pancha. Unabandika selotepu, umeme hauvuji tena, mama anapata nanasi lake. Mchezo umekwisha.

— Kinyozi na selotepu! alisema Breki. Betri ikipata joto, gundi inateleza, selotepu inajikunja kama jani kavu. Mimi nimeendesha gari lenye betri kubwa kuliko hilo sanduku lako la sabuni, sikiliza. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake nini?

— Maana yake uzibe ufa, alisema Redio.

— Hapana! Maana yake usihangaike na ufa, anza na ukuta moja kwa moja. Saruji.

— Saruji kwenye betri? aliuliza Shangazi.

— Nyembamba. Ya kupaka.

— Basi heri rangi ya kucha, alisema Shangazi. Inakauka upesi na inang'aa.

— Rangi ya kucha ni kwa betri za kike, alisema Redio. Ndugu zangu, mnacheza. Betri ikiwa uchi, radi inaiona. Radi kazi yake ni kutafuta chuma kisichovaa. Mnadhani kwa nini masufuria hufunikwa wakati wa mvua?

— Kwa sababu ya nzi.

— Nzi wa mvua, Breki?

— Nzi hana msimu. Na wewe umekosea toka mwanzo, betri si tairi. Betri ni nyoka. Nyoka akijivua gamba unamfuata na selotepu? Unamwacha. Chini ya ngozi ile ya zamani inaota mpya. Iweke gizani, kwenye unga, mwezi mmoja. Subira huvuta heri.

— Kwenye unga! Itakula unga.

— Au, alisema Breki, na hapo akasimama ili maneno yapate nafasi, au mvue nguo yote, abaki mtupu, kisha mumwogeshe. Maji ya chumvi. Wahenga hawakukosea: maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Imeshavuliwa, hiyo. Lazima ioge.

Pale kwenye meza ya pembeni, Fundi alikuwa amezamisha kichwa ndani ya redio ya mtu tangu asubuhi. Alitoa mguno, lakini hakuinua uso. Fundi ana desturi ya kuwaacha watu wakosee mpaka mwisho, ndipo aje awakemee wote kwa pamoja. Humpunguzia kazi.

Kengele alisikiliza yote kama anavyosikiliza mahubiri, mikono juu ya magoti. Hakumcheka mtu. Alikunywa kahawa, akakiweka kikombe, akasema kwa sauti ya chini, zaidi kwa Shangazi kuliko kwa wengine:

— Lakini hata isipopona, mama yake nimeshampa neno. Kijana amenigusa leo.

— Amekugusaje, mzee?

— Asubuhi, kwenye kengele ya misa. Nilikuwa naipiga, nikasikia joto hapa kwenye paja la kushoto. Joto la taratibu, kama mtu ameweka kiganja. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta rozari ina joto. Hii ya mnyororo, ya marehemu baba yangu. Siku zote ni baridi, hii. Nikapiga magoti pale pale. Kisha nikapita nyumbani, nikamwambia mama yake. Alilia, halafu akacheka. Sikuwa nimesikia cheko lake tangu mazishi.

Redio aliuweka mkasi chini.

— Tena hata sasa lipo, alisema Kengele, akipapasa koti. Tena limezidi.

Fundi aliinua uso.

— Mzee. Mfuko huo wa kushoto una nini?

— Rozari.

— Na nini kingine?

— Rozari na betri ya pili. Ya akiba. Hiyo imechanika zaidi, nilitaka nikuonyeshe baadaye, nisikuchoshe na mbili kwa...

Fundi aliruka meza. Aliruka kweli, na redio ya mtu ikaanguka upande.

— Usitie mkono! Vua koti! Vua, vua, vua!

Kengele hakuelewa, lakini ni mtu wa kutii. Alivua mkono mmoja, Shangazi akamvuta wa pili. Breki alitaka kusaidia, akadaka koleo la mkaa kwenye jiko la Shangazi, akalielekeza mfukoni.

— Chuma hicho! alifoka Fundi. Unataka kuongeza chuma juu ya chuma? Lete mwiko! Kitu cha mti!

Shangazi alitoa mwiko wake. Fundi alilishika koti kwa upindo, akalikung'uta juu ya chungu kikubwa cha udongo kilichojaa mchanga, kile ambamo wateja wa kinyozi huzimia sigara. Vikaanguka pamoja: betri ya buluu na rozari, mnyororo umeizunguka betri shingoni kama mzabibu. Fundi aliutenganisha kwa ncha ya mwiko. Rozari ikatoka, betri akaifukia, kisha akakivuta chungu mpaka katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na jiko, mbali na watu.

— Isiguswe mpaka ipoe kabisa, alisema akihema. Na ikipoa hairudi kazini. Itapelekwa pale wanapopokea betri mbovu. Si jalalani, si chooni. Imekufa, hiyo.

Akatazama watu wake. Redio alikuwa nyuma ya kiti cha kunyolea, ameshika kioo mbele ya kifua.

— Na wewe kioo cha nini?

— Kinga.

— Weka chini kabla hujatukata.

Kengele aliligeuza koti. Bitana ya mfuko wa kushoto ilikuwa na alama ya kahawia, nyembamba, yenye vipingili vipingili, sura ya mnyororo. Aliipitishia kidole.

— Njooni hapa, alisema Fundi, akikivuta karibu kile kidude kilicho wazi, betri ikiwa ndani, na nitasema mara moja tu.

Alisema mara tatu.

— Betri hii, mwili wake wote ni upande mmoja wa umeme. Huku chini, huku ubavuni, mpaka hapa mabegani. Wote ni hasi. Kichwa hiki kidogo peke yake ndicho chanya. Kati ya kichwa na bega pana nafasi ndogo kuliko unene wa ukucha, na kinachozuia wasikutane ni hii plastiki tu na kipete cheupe cha karatasi kilicho chini yake. Plastiki ikichanika hapa juu, kitu chochote cha chuma kikilala kichwani na begani pamoja, ufunguo, sarafu, mnyororo, ni shoti. Umeme wote unataka kupita hapo kwa mara moja. Inapata joto, kisha moto, kisha hupasuka. Haivuji kama tairi, Redio. Haioti ngozi, Breki. Na atakayeiosha asije kwangu na mkono wa bandeji.

— Mimi nilisema rangi ya kucha, alisema Shangazi.

— Na wewe pia.

Breki alikohoa.

— Lakini wahenga...

— Wahenga hawakuwa na betri, bwana.

Kengele alikuwa bado na koti mapajani. Wote walijua anafikiri nini. Hatimaye Shangazi alisema, akitazama jiko lake:

— Mzee, Mungu hashindwi kutumia hata betri.

Kengele aliiokota rozari, akaipuliza mchanga, akaibusu, ikawa bado na uvuguvugu.

— Joto lilikuwa la betri, alisema. Sawa. Betri ilikuwa ya mwanangu.

Kisha akamgeukia Fundi.

— Na hii nyingine iliyomo ndani? Nayo imekufa?

Fundi aliitoa kwa ncha za vidole, akaigeuza mbele ya macho yake kwa muda, chini, ubavuni, kichwani. Akaiweka shavuni kusikia kama ina joto. Akainusa.

— Haijabonyea. Haina kutu. Haijavuja, haina joto, hainuki. Imechanika nguo tu. Ingekuwa na kibonyeo hata kidogo ningeikataa, hata ungekuja na padri. Hii inavalishwa.

— Kwa selotepu? aliuliza Redio, taratibu.

— Redio.

— Nimeuliza tu.

Fundi aliondoa kila chuma mezani: bisibisi, koleo, misumari, kopo la skrubu. Akavua saa, akavua pete ya ndoa, akampa Shangazi amshikie. Akapangusa mbao kwa kitambaa kikavu. Benchi zima likahamia mezani, Breki akakalia upande wa tofali kwa kusahau, akayumba, akamshika Redio begani.

— Kisu sitaki, alisema Fundi. Kisu kikiteleza kinakwenda kukata kile kipete, au kinagusa kichwa na bega pamoja. Kucha inatosha. Na unaanza chini, upande wa mkiani, kwa sababu huko kote ni hasi, hakuna wa kukutana naye.

Alichokonoa kwa ukucha, akaumenya ule mfuko wa buluu kama anayemenya ndizi kwa kuanzia mkiani, polepole sana alipofika kichwani. Betri ikabaki mtupu, ya rangi ya fedha. Kile kipete cheupe kikabaki mahali pake, kizima.

— Hiki ndicho mlinzi. Kikichanika unaweka kingine. Ukikisahau, hata uvalishe nguo ya harusi, kazi bure.

Akafungua droo, akatoa fungu la vifuko vya plastiki, vyepesi kama ngozi ya kitunguu. Vilikuwa vya waridi.

— Vya buluu vimekwisha, alisema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuona haya. Hivi hivi ndivyo ninavyovalisha betri za tochi, saizi ni moja. Rangi haina kazi.

— Waridi! alisema Redio. Kijana wa watu!

— Nguo ya kuazima haisitiri matako, alisema Breki kwa huzuni.

— Hii si ya kuazima, ni yake, alisema Kengele. Na angecheka.

Fundi aliichomeka betri ndani ya kifuko, akakisawazisha mpaka kikazidi kidogo juu na kidogo chini.

— Sasa kinataka joto la kukisinyaza. La upole.

Breki alishawasha kiberiti.

— Zima! Moto hauna akili, unaunguza hapa unaacha pale. Na betri haipikwi. Redio, ile mashine yako ya kukaushia nywele inafanya kazi?

Redio alijinyoosha. Kwa muda mrefu hakuna mtu pale kijiweni aliyehitaji kitu chake isipokuwa mkasi. Alileta mashine kwa mikono miwili, waya umemfuata kama mkia, akaipuliza vumbi.

— Ina moto mdogo na mkubwa, alisema. Nikupe upi?

— Mdogo. Na usitulie sehemu moja. Pita, pita, mimi nageuza.

Redio alipuliza, Fundi akageuza. Kifuko kikatetemeka, kikajikunja kando kando, kikashika mwili wa betri kama soksi mpya. Pale juu ukingo ukalala juu ya kile kipete, ukaacha kichwa tu. Redio alizima mashine bila kuambiwa, na hakusema kitu. Shangazi alisema baadaye kwamba angependa siku ile iandikwe.

— Inaachwa ipoe, alisema Fundi. Kisha ukague tena, ukiona mkunjo uliopasuka au doa la chuma ubavuni, unavua unaanza upya.

Akachukua ule mfuko wa zamani wa buluu, akaunyoosha, akasoma herufi ndogo zilizokuwa juu yake, akaziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye waridi mpya.

— Hapo unaandika jina lake la ukoo. Nguo mpya haisemi betri ni ya nguvu gani, na asiyejua atakuja kuitumia kwenye kitu kisichoiweza.

Akaipima na kipimo chake cha umeme, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Redio alikwenda kutoa kipande cha sabuni kutoka kwenye kisanduku chake cha plastiki, akakikausha kwa shati.

— Cha kuibebea, alisema. Siku nyingine.

— Na isikae na rozari, alisema Fundi.

— Haitakaa, alisema Kengele.

Fundi aliingiza betri ndani ya kidude, akafunga kifuniko, akabonyeza kitufe. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Breki alipiga makofi. Shangazi akasema, alhamdulillahi, na Kengele akasema, amina, kila mmoja kwa njia yake. Wakainama wote juu ya meza, vichwa vikagusana, wakanusa.

— Sisikii nanasi, alisema Redio.

— Bado inapata moto, alisema Breki. Ni kama dizeli asubuhi.

Wakasubiri. Taa ikazimika yenyewe. Fundi akabonyeza tena, ikawaka tena, ya kijani, nzuri. Hakuna harufu. Fundi akakigeuza, akakitikisa karibu na sikio, akatazama ndani ya kichupa kidogo kilichokaa chini ya mdomo wake. Dawa ilikuwemo.

— Kwani umeme unafika? aliuliza Shangazi.

— Unafika! Mnaona taa.

— Mimi nadhani ni ile rangi ya waridi, alisema Redio.

— Au inamjua mwenyewe, alisema Breki, akateremsha sauti. Vitu vya siku hizi vinatambua pumzi ya mtu. Simu inatambua uso, sivyo? Hiki kinatambua mapafu. Kimeshajua kwamba...

— Breki, alisema Shangazi, na Breki akanyamaza.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja wasiyemjua, kapu mkononi, ananunua kahawa ya kuondoka nayo. Alisimama nyuma yao akisubiri, akawatazama watu wazima wanne na mama mmoja wakinusa meza.

— Samahanini, alisema. Hicho hakinukii chenyewe. Ni mpaka mtu avute, ndipo mvuke utoke. Kwani atakayevuta ni nani?

Fundi alitazama vidole vyake. Kifua chake ni kibovu tangu utotoni, hajawahi kuvuta kitu maishani, na muda wote ule, pamoja na hasi na chanya na kile kipete cheupe, hakuwa ameliwaza hilo. Redio alianza kuviringisha waya wa mashine yake. Breki alijikuna shingo.

— Mimi nilivuta zamani, alisema. Ninaweza kwenda naye nyumbani, nikampulizia mama...

Akalisikia neno lake mwenyewe, akaliacha hapo hapo.

Kengele alikuwa amekishika kidude kwa mikono yote miwili. Ule mdomo mfupi wa kidude ulikuwa na alama ndogo za meno upande mmoja. Kijana alikuwa na tabia ya kukiuma akifikiri. Mzee hakuwahi kuziona, kwa kuwa hakuwahi kukitazama kwa karibu.

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha yule mwanamke. Kahawa ilitoka nyembamba, ikakatika, ikatoa tone, na tone, na mashapo. Akalifunika. Kwa sheria ya mahali pale, hakukuwa na la kuongeza.

Kengele alisimama. Alivaa koti, akakiweka kidude mfuko wa kulia, rozari akaiweka wa kushoto, penye ile alama ya kahawia. Akawashukuru mmoja mmoja, kama afanyavyo siku zote, Fundi kwanza, kisha Redio na mashine yake.

— Mzee, alisema Fundi kwa upole usio wake. Utafanyaje?

Kengele alifunga vifungo vya koti.

— Nikifika, alisema, nitafunga madirisha kwanza. Mimi sitavutia nje.

Akaenda zake kando ya ukuta, ambako kivuli kilikuwa kimebaki chembamba, mkono mmoja juu ya kila mfuko, kama mtu aliyebeba mayai mawili yasiyotakiwa kugongana.